Rozimari: namna ya kuiotesha, kuitunza na kuipikia bila kuizamisha

Rozimari yangu ya kwanza iliishi miezi minne. Niliimwagilia kila asubuhi, kikombe kizima, kwa mapenzi tu. Mwezi wa tatu majani ya chini yakaanza kufifia, yakawa ya kijivu, nikipitisha mkono yanapukutika kama makapi. Nikasema ni kiu, nikaongeza kikombe cha jioni. Siku niliyoshika shina nione kama bado liko imara, mche wote ulinijia mkononi bila ubishi, kama kijiti kilichochomekwa tu. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini. Nilipovuta mmoja kati ya vidole, ganda lilivuka lote ukabaki uzi mwembamba wa katikati, na harufu yake haikuwa ya rozimari hata kidogo. Ilikuwa ya tope la mtaroni.

Mmea ule haukuwa na kiu. Ulizama. Mzizi uliooza haunyonyi maji hata ukielea ndani yake, kwa hiyo juu majani yanakauka huku chini kumejaa tele. Anayetazama majani peke yake ataona ukame, ataongeza maji, na hapo atakuwa amemalizia kazi. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye udongo na maji, na mengine utayapita haraka. Ukivuka hapo, rozimari ni kichaka kinachoweza kukaa nawe miaka kumi na zaidi, kibichi mwaka mzima, na kila ukitaka kiungo unatoka nje na mkasi.

Tazama jani kwanza

Kabla ya kugusa jembe, chukua jani moja uligeuze. Ni jembamba kama sindano, gumu, na upande wa juu linang'aa kana kwamba limepakwa nta. Kingo zake zimejikunja kuelekea chini, na katikati ya mikunjo hiyo kuna kijifereji cheupe chenye vinyweleo laini vilivyosongamana. Vitundu ambavyo mmea hupumulia, na ambavyo hupotezea maji, vimefichwa humo, mbali na upepo na jua. Kuna pia vitezi vidogo vya mafuta. Ukilifikicha jani vinapasuka, vidole vinanata, na harufu unabaki nayo mpaka unawe kwa sabuni.

Hilo ni jani la mmea wa pwani za Bahari ya Mediterania, ambako mvua hunyesha kipindi cha baridi, kisha kiangazi kinapita miezi kikavu juu ya miamba ya chokaa na udongo wa mawe. Jina limetoka kwenye Kilatini, ros marinus, yaani umande wa bahari. Kwa zaidi ya karne mbili wanasayansi waliuita Rosmarinus officinalis, mpaka mwaka 2017 ulipohamishiwa kwenye jenasi ya Salvia. Sasa jina lake ni Salvia rosmarinus. Vibandiko vya vitaluni vingi bado vina jina la zamani, na mmea ni uleule.

Familia yake ni moja na mnanaa na mrehani. Undugu huo usikudanganye ukaviweka vyote kwenye chungu kimoja kwa sababu vinapendeza pamoja. Mnanaa unataka udongo wenye unyevu kila wakati. Rozimari inataka udongo ukauke kati ya mwagilio na mwagilio. Kimoja lazima kiumie. Kama unataka jirani wa kuipa, chagua zaatari au lavenda.

Kuna aina zinazosimama wima na aina zinazotambaa. Za wima, kama Tuscan Blue, hufika mita moja na nusu au zaidi, na matawi yake yaliyonyooka ndiyo bora jikoni. Zinazotambaa, kama Prostratus, hupendeza zikining'inia ukutani. Zinalika pia, ila kuzivuna ni usumbufu kwa sababu matawi yamejipinda na kujisokota. Sehemu zenye baridi kali tafuta Arp, inayojulikana kwa kuvumilia baridi kuliko nyingi.

Hatua ya 1: Achana na mbegu

Huu ni ushauri wangu na nausimamia. Mbegu za rozimari huchukua wiki mbili hadi mwezi kuchipua, nyingi hazichipui kabisa, na zinazochipua hukua polepole kiasi kwamba mwaka wa kwanza unaweza kuisha hujapata cha kuweka chunguni. Tena mche wa mbegu si lazima ufanane na mama yake kwa harufu wala umbo. Nunua mche mmoja wenye afya, au omba tawi kwa mtu ambaye kichaka chake umekinusa ukakipenda.

Ukinunua mche, usiangalie majani ya juu tu. Utoe kidogo kwenye kopo lake uone mizizi: iwe myeupe au ya rangi ya maziwa, isiwe na harufu mbaya, na isiwe imejizungusha kama kamba iliyoviringishwa. Na kama uliuzwa kama pambo na si kama kiungo, huenda umepuliziwa dawa zisizofaa kwa mimea inayoliwa. Uache ukue miezi michache, kisha vuna matawi mapya tu.

Hatua ya 2: Kuotesha kipandikizi

Tawi linalofaa halitoi maua kwa wakati huo, na halijawa mti. Likunje: likivunjika mara moja kwa mlio, limekomaa mno, likilala kama uzi, bado changa mno, likipinda halafu likarudi, hilo ndilo. Kata ncha yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, kwa kisu au mkasi uliosafishwa, chini kidogo tu ya mahali majani yanapotokea. Mizizi hupenda kuanzia hapo.

Sasa vua majani yote ya nusu ya chini. Shika tawi kwa juu, pitisha vidole viwili kuelekea chini, yanatoka yenyewe. Usiyatupe, yana kazi jikoni. Jani lolote litakaloachwa chini ya udongo litaoza na kuozesha shina. Kama una unga wa kuchochea mizizi, chovya ncha ya chini uliyoikata. Kama huna, endelea tu, rozimari huota bila huo.

Udongo wa kuoteshea uwe mwepesi: nusu mchanga wa chenga kubwa au pumisi (vijiwe vyepesi vya volkano vyenye vitundu), nusu mboji iliyochekechwa au nyuzi za nazi. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi. Lowesha mchanganyiko, uache maji yachuruzike mpaka yakome, ndipo uchomeke. Toboa shimo kwa kalamu kwanza ili usikwaruze ncha, ingiza vipandikizi sentimita nne hadi tano, bana udongo pembeni kwa kidole. Katika chungu kimoja chomeka vinne au vitano kuzunguka ukingo. Mara nyingi kimoja au viwili hufa na hakuna wa kulaumiwa.

Viweke penye mwanga mwingi lakini si jua la moja kwa moja. Mfuko wa plastiki juu yake husaidia kushika unyevu, ila ufungue kila siku hewa ibadilike. Ukiona matone yametapakaa ndani ya mfuko asubuhi na jioni, uondoe kabisa. Udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Baada ya wiki nne hadi nane, vuta kipandikizi taratibu kwa vidole viwili. Kikikataa, kina mizizi. Kikikubali, kirudishe na ujipe wiki mbili nyingine kabla ya kukigusa tena, maana kila ukikivuta unakata vijizizi vilivyokuwa vinaanza.

Glasi ya maji nayo inawezekana: majani yasiguse maji, maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, na kipandikizi kihamishwe mizizi ikiwa na sentimita mbili tu. Ukiisubiri ijae glasi, ile mizizi ya majini ni dhaifu na huvunjika ikikutana na udongo.

Kama tayari una kichaka, au jirani anacho, kuna njia ya wavivu ambayo mimi naipenda kuliko zote. Inamisha tawi la chini hadi liguse ardhi, likwaruze ganda kidogo upande wa chini, lifunike udongo, weka jiwe juu yake, ncha ibaki nje. Sahau. Baada ya miezi michache litakuwa na mizizi yake, wakati wote huo likinyonyeshwa na mama. Kata, hamisha.

Hatua ya 3: Mahali na udongo

Jua saa sita hadi nane kwa siku. Chini ya hapo mmea haufi, lakini unarefuka kutafuta mwanga, majani yanakaa mbalimbali, na harufu inapungua. Ndani ya nyumba ni vigumu kuufurahisha kwa muda mrefu. Dirisha linaloonekana angavu kwa macho yetu ni kivuli kwa rozimari.

Udongo upime kwa maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, lijaze maji, acha yaishe, lijaze tena. Mara ya pili tazama saa. Kama maji yanashuka pungufu ya sentimita mbili na nusu kwa saa, hapo usipande moja kwa moja.

Wengi wakigundua wana udongo wa mfinyanzi huchimba shimo, wakalijaza mchanga na mboji nzuri, wakapanda humo. Nia ni njema, ila wamejenga bakuli. Maji ya mvua yanaingia kwa urahisi kwenye udongo mwepesi, yanafika kwenye kuta za mfinyanzi, yanasimama, na mizizi iko katikati. Dawa ya mfinyanzi ni kwenda juu: inua tuta la sentimita 20 hadi 30, changanya udongo wako na kokoto ndogo na mboji kidogo, upande juu yake. Mteremko nao ni zawadi. Sehemu ya bustani unayoidharau kwa sababu ina mawe na haishiki maji, huenda ndiyo mahali pake.

Uchachu wa udongo usikunyime usingizi. Rozimari hukubali pH ya 6 hadi 7.5, na hata zaidi kidogo upande wa chokaa. Kama udongo wako ni wenye tindikali sana, nyunyiza chokaa ya kilimo wiki chache kabla ya kupanda.

Kwa chungu, chagua cha udongo uliochomwa kuliko cha plastiki, kwa sababu kuta zake hupumua na maji hutoka pembeni. Upana wa sentimita 25 hadi 30 unatosha miaka miwili ya mwanzo; chungu kikubwa kupita kiasi hubaki kimelowa sehemu ambazo mizizi bado haijafika. Tundu la chini ni lazima. Changanya sehemu mbili za udongo wa kupandia na sehemu moja ya mchanga wa chenga kubwa au pumisi. Ule mtindo wa kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu eti maji yapite vizuri uache: maji hayapendi kuvuka kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kuusogeza ukanda wa tope karibu zaidi na mizizi. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Hatua ya 4: Kupanda

Panda jioni au siku ya mawingu. Shimo liwe na kina sawa na kopo la mche, upana mara mbili. Mche ukae kwenye kimo kilekile ulichokuwa nacho, au juu kidogo; ukizika shina unakaribisha uozo. Legeza mizizi iliyojizungusha. Rudisha udongo, kandamiza kwa viganja, mwagilia mara moja kwa kushiba. Kati ya mche na mche acha sentimita 60 hadi 90. Utaona nafasi ni kubwa mno kwa kimche kile kidogo, lakini baada ya miaka miwili utashukuru hewa inapita.

Matandazo ya nyasi au majani mabichi usiyasogeze shinani. Kokoto au mawe madogo ni bora: hayashiki maji, na hurudisha joto na mwanga juu kwenye majani.

Hatua ya 5: Maji

Mmea unaovumilia ukame hauvumilii ukame siku ya kwanza. Uvumilivu unakaa kwenye mizizi iliyoshuka chini, na mche wa juzi mizizi yake yote bado ina umbo la kopo. Wiki mbili za kwanza mpe maji kila baada ya siku mbili au tatu. Kisha mara moja kwa wiki, lakini maji ya kutosha kufika chini, si ya kunyunyiza juu. Maji ya juu juu huifundisha mizizi kubaki juu. Baada ya msimu mmoja mzima, rozimari iliyo ardhini itahitaji msaada wako kwenye kiangazi kirefu tu, na mvua ya kawaida itafanya yaliyobaki.

Ya chungu haiwi huru kamwe. Haina pa kupeleka mizizi. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole sentimita tano; kikitoka na udongo uliogandamana, ondoka. Au fanya ninavyofanya siku hizi: mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, subiri yachuruzike, inua chungu, uukariri uzito ule kwa mikono. Kila siku mbili tatu kiinue tena. Siku kitakapokuwa chepesi kiasi cha kukushangaza, ndiyo siku ya maji. Sahani ya chini ikishika maji, yamwage.

Kutofautisha kiu na kuzama, usiangalie dalili moja peke yake. Rozimari yenye kiu huinamisha ncha zake changa, zile laini za juu kabisa, na chungu ni chepesi. Ukiimwagilia, ncha zinasimama tena ndani ya siku. Inayozama huanzia chini na ndani: majani ya njano, kisha kahawia, yanapukutika, ncha zinakuwa nyeusi, na chungu ni kizito. Hatari iko hapa: majani yaliyokomaa ni magumu, hayalegei kama ya mrehani. Yanaweza kubaki ya kijani na yamesimama siku kadhaa baada ya mmea kufa. Ndiyo maana wengine huapa kwamba yao ilikufa ghafla.

Ukiwahi inayozama, itoe chunguni, kung'uta udongo uliolowa, kata mizizi yote laini ya kahawia hadi ufike penye myeupe, punguza matawi kwa kiasi kinachofanana na mizizi uliyoitoa, panda kwenye mchanganyiko mkavu mwepesi, na usiimwagilie siku mbili tatu. Nusu ya zilizonifika hali hiyo zilipona. Kwa tahadhari chukua pia vipandikizi kutoka ncha ambazo bado ni nzima, mmea ukigoma ubaki na watoto wake.

Hatua ya 6: Mbolea, kidogo

Konzi moja au mbili za mboji iliyoiva kila mwaka, pembeni mwa shina, zinatosha za ardhini. Ya chungu ipe mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara mbili tatu katika msimu wa kukua. Samadi mbichi usiisogeze. Naitrojeni nyingi hutoa matawi marefu, laini, ya kijani la kuvutia, yasiyo na harufu, na vidukari huyafurahia kuliko wewe.

Hatua ya 7: Kupogoa

Mche ukifika sentimita 15 hadi 20, kata ncha zake. Unaumia moyo, najua, lakini kila ncha iliyokatwa hutoa mbili, na kichaka kinaanza kunenepa. Baadaye pogoa kila mwaka maua yanapokwisha, usizidi theluthi moja ya mmea.

Kanuni isiyovunjwa: kata penye majani. Chini ya kila mkato yabaki majani. Sehemu ya shina iliyokwisha kuwa gome tupu kwa kawaida haichipui tena. Ukiikata hapo unaacha kisiki. Kichaka kilichoachwa miaka mitano bila mkasi, kikawa na miguu mirefu mitupu na kichwa juu, hakirekebishiki kwa mara moja. Chukua vipandikizi uanze upya.

Wadudu, magonjwa na baridi

Harufu inawafukuza wengi. Waliobaki ni vidukari kwenye ncha changa, nzi weupe, na utitiri mwekundu hasa ndani ya nyumba kavu zisizo na hewa. Maji ya bomba yenye nguvu chini ya majani, asubuhi, huondoa karibu wote; wakisumbua, sabuni ya maji isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, kisha suuza baada ya saa chache. Ungaunga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga: punguza matawi ya ndani hewa ipite, sogeza mimea mbalimbali. Ulaya kuna mbawakawa wa rozimari, Chrysolina americana, wa kijani cha chuma chenye mistari ya zambarau, mzuri kumtazama. Mwokote kwa mkono.

Baridi ya nyuzi chache chini ya sifuri aina nyingi huistahimili. Inayoua zaidi ni baridi ikichanganyika na udongo uliolowa. Kama kwako maji huganda ardhini, panda chunguni na uingize ndani, mahali pa mwanga na ubaridi, si karibu na kipasha joto.

Kuvuna na kuhifadhi

Vuna muda wowote wa mwaka, asubuhi baada ya umande kukauka na kabla jua halijawa kali. Harufu hupanda zaidi mmea unapokaribia kutoa maua. Kata ncha za sentimita 10, zunguka kichaka chote ili kisipinde upande mmoja. Maua ya buluu yanalika pia, ila waachie nyuki mengi.

Mbichi hukaa frijini wiki mbili ikizungushiwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kukausha ni rahisi kuliko viungo vingi vya majani, na ladha haipotei sana: funga vitita vidogo vya matawi matano sita, ning'iniza kivulini penye hewa wiki mbili. Ukitumia oveni, isizidi nyuzi 40, mlango ukiwa wazi kidogo, la sivyo mafuta yanayeyukia hewani na nyumba nzima inanukia kiungo ambacho hutakila. Jani lililo tayari huvunjika kwa mlio. Hifadhi majani mazima kwenye chupa iliyofungwa, gizani, na uyasage siku ya kupika.

Au gandisha: katakata, jaza trei ya barafu, mimina mafuta ya kupikia, gandisha. Kila kipande ni mwanzo wa mboga.

Mafuta ya rozimari ya chupani yanahitaji tahadhari. Majani mabichi ndani ya mafuta ni unyevu uliofungiwa mahali pasipo hewa, na hapo ndipo bakteria wa Clostridium botulinum hutengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha. Ukitumia majani mabichi, weka frijini na uyamalize ndani ya siku nne. Ukitaka chupa ya kukaa kabatini, tumia siki badala ya mafuta.

Jikoni

Harufu ya rozimari iko kwenye mafuta, na mafuta huyeyuka kwenye mafuta. Hilo moja likikukaa, mengine utayabuni. Ukitupa tawi kwenye maji yanayochemka utapata kidogo. Ukilianza kwenye mafuta ya vuguvugu dakika moja au mbili, moto mdogo, kabla ya vitunguu, chakula chote kitaibeba. Majani yakianza kuwa kahawia umechelewa, yameshakuwa machungu. Yatoe, anza tena.

Tawi moja la sentimita 10 linatosha chungu cha watu wanne. Sisemi hivi kwa ubahili. Ndani ya mafuta yake kuna kafuri na sineoli, ileile inayotawala mafuta ya mkaratusi, na ukizidisha chakula kinageuka dawa ya kuchua. Kama unatumia yaliyokauka, kijiko kimoja cha chai ni sawa na kijiko kimoja cha mezani cha mabichi.

Tawi zima linafaa kwa vitu vya kuchemka muda mrefu: maharage, dengu, mchuzi wa nyama, supu. Litumbukize, litoe kabla ya kupakua. Majani mengi yatakuwa yamedondoka, ndiyo maana wengine hulifunga kwenye kitambaa. Kwa viazi vya kuoka, kuku au mkate, katakata. Na ukisema umekatakata, rudia tena: jani hili halilainiki kwa kupikwa, kipande kirefu hubaki kijiti kati ya meno. Viazi vichemshe nusu, vikung'ute kwenye chujio mpaka pembe zichakae, pakaa mafuta na chumvi, oka. Rozimari iongeze dakika kumi na tano za mwisho tu, ikianza navyo itaungua kabla ya viazi kuiva.

Chumvi yake ndiyo kitu ninachowapa wageni. Kikombe kimoja cha chumvi ya mawe, vijiko viwili vya mezani vya majani mabichi, ganda la limau lililokwaruzwa ukipenda. Twanga mpaka chumvi ibadilike kuwa ya kijani na ilowe, itandaze kwenye sinia usiku mzima ikauke, isage tena, iingize chupani. Chumvi imenyonya mafuta yote, inakaa miezi.

Kwa kinywaji, tawi dogo katika kikombe cha maji ya moto, limefunikwa, dakika tano. Kumi ni nyingi, uchungu unapanda.

Kiasi cha kupikia hakina shida kwa watu walio wengi. Mjamzito, mwenye kifafa, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiitumie kwa wingi kama dawa bila kumuuliza daktari. Yale mafuta ya kunukia ya vichupa vidogo hayanywewi.

Mashina magumu unayopogoa usiyatupe. Yaliyonyooka vua majani, acha kishungi juu, chonga ncha, loweka maji nusu saa, tunga nyama au mboga, choma. Yaliyopinda yakaushe, uyaweke kando ya jiko, na dakika mbili kabla ya kuepua nyama, tupia moja juu ya makaa ufunike.